Vitambaa Vyeupe na Gunia la Unga wa Mbao: Uchambuzi wa Kisa cha Asidi Kumwagika Kiwandani Nakuru

Kiwanda hiki ni cha ushirika wa wafugaji, pembezoni mwa jiji la Nakuru. Jina lake nitaliacha. Maziwa hufika kwa malori kutoka vituo vya kupozea vya upande wa Molo, Njoro na Subukia, yakachemshwa na kupakiwa, mengine yakagandishwa kuwa mala. Wafanyakazi wanazidi 50, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inadai kamati ya usalama kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi. Kamati ilikuwepo. Ukaguzi wa kila mwaka ulikuwa umefanywa, na pipa la dharura la kukabili vitu vinavyomwagika lilikuwa limenunuliwa na kuwekwa wazi. Hata hivyo mama wa usafi aliishia kulazwa hospitalini akiongezewa oksijeni, kwa sababu ya dumu moja tu la asidi.

Kazi yangu ni kushauri viwanda kuhusu usalama. Kamati iliniita baada ya tukio, nikaongea na waliokuwepo mmoja mmoja, kisha tukasimama pamoja kwenye korido yenyewe. Nimeona ni kisa cha kuandikwa kwa kirefu kwa sababu mpangilio wake ninaukuta kwingi: vifaa vinanunuliwa kabla mtu hajatembea sakafuni kuuliza ni kitu gani kinaweza kumwagika hapa, kiasi gani, kitaelekea wapi, na ni nani atakuwa zamu saa hiyo.

Yaliyotokea

Kwanza ieleweke asidi inatafuta nini kwenye kiwanda cha maziwa. Mabomba na matangi huoshwa bila kufunguliwa. Maziwa yakishapita, yanasuuzwa kwa maji, kisha inazungushwa kostiki ya moto, ile soda kali ya kuoshea, asilimia 1 hadi 2 hivi, kuyeyusha mafuta na protini. Maji tena. Halafu inafuata asidi ya naitriki iliyochanganywa na maji hadi karibu asilimia 1, ing'oe ule ukoko mgumu wa madini ya maziwa ambao kostiki haiuwezi. Ndani ya bomba asidi hiyo ni nyepesi. Stooni mambo ni mengine: inakuja kwenye madumu ya kilo 35 ikiwa na nguvu ya asilimia 60.

Kabla ya saa 11 alfajiri, kijana anayeosha mitambo alikuwa anatoa dumu moja stoo kwa toroli. Kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa saruji, vidole vinne hivi, ili kinachomwagika ndani kibaki ndani. Ni wazo zuri, ila hakuna aliyejenga mteremko wa kupitishia toroli, kwa hiyo kila siku gurudumu lilikuwa linagongeshwa kizingiti mpaka likubali kupanda. Alfajiri hiyo toroli ilipanda kwa kishindo, dumu likatoka, likaangukia kona yake upande wa nje na kupasuka. Lita zaidi ya 20 zikatandaa kwenye korido.

Kijana alirudi nyuma upesi, akapiga kelele. Mlinzi alikimbilia pipa la dharura, ambalo lilikuwa karibu na mapokezi, upande wa pili wa jengo, mahali ambapo mkaguzi analiona akiingia tu. Aliporudi nalo wakatoa vitambaa vyeupe na kuvitandaza juu ya asidi. Mama wa usafi alinieleza vizuri kilichofuata: vitambaa vilielea. Asidi ikawa inapita chini yake ikielekea kwenye wavu wa mtaro. Aliinua kimoja kwa mpini wa fagio akakikuta kikavu upande wa juu, na chini kinadondosha matone kama jani la mgomba baada ya mvua.

Ndipo mzee wa boila alipoleta gunia la unga wa mbao. Kwake unga huo ni dawa ya kila siku: dizeli ikidondoka chini ya jenereta, anamwaga unga, anafagia, sakafu inakauka. Akamwambia mwenzake, "Mama, shika fagio tumalize hii kitu kabla malori hayajafika." Kwa muda mfupi ilionekana wamefaulu, maana unga ulinyonya. Kisha ukaanza kuwa wa manjano, ukageuka kahawia, ukawa unachemka kwa chini, na moshi wa rangi ya kutu ukapanda. Mama aliendelea kufagia ameziba pua kwa leso.

Kijana akauliza, "Mzee, si tulete kostiki? Si ndiyo inaua asidi?" na alikuwa ameshauburuta mfuko wa kilo 25 hadi mlangoni. Wakati huo huo msimamizi wa zamu akatokea kutoka upande wa kupakia, akaona rangi ya ule moshi, akapaza sauti: "Wacheni kila kitu! Tokeni nje nyote, mwende upande wa geti!" Akahesabu watu wake getini. Baadaye, moshi ulipopungua, wakapiga maji kwa mpira kutoka mlango wa nje hadi korido ikawa safi. Maji yote yakaingia mtaro wa mvua.

Mama wa usafi alikohoa kidogo, akapewa kikombe cha maziwa, akasema yuko sawa. Asubuhi akaenda nyumbani. Usiku ule akashindwa kuvuta pumzi na familia yake ikamkimbiza hospitali. Alilazwa siku kadhaa, akapona, na yuko kazini.

Pipa lilikuwa zima, ila halikuwa la kazi hiyo

Ni rahisi kusema watu wa zamu hawakufunzwa. Mimi naona walifanya kila jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angefanya kwa vifaa alivyopewa. Pipa la dharura lilikuwa limejaa, halijapitwa na wakati, na nje limeandikwa uwezo wa lita 50. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma maandishi madogo: vitambaa vile vyeupe vimetengenezwa kwa mafuta peke yake. Nyuzi zake zinakataa maji, na ndiyo maana vinasifika, kwa kuwa ukivitupa juu ya maji yenye dizeli vinanyonya dizeli na kuyaacha maji. Asidi ya stoo ni maji na asidi. Kwa vitambaa hivyo ni maji tu, vikaikataa.

Watengenezaji wengi wana desturi ya rangi: nyeupe kwa mafuta, kijivu kwa vimiminika vya kawaida, manjano kwa kemikali. Ni desturi tu, hakuna sheria inayomfunga mtu, kwa hiyo anayenunua asome karatasi, asitegemee rangi. Na hata kile cha manjano, aulize kwa maandishi kama kinastahimili asidi ya naitriki ya asilimia 60.

Kwa nini wauzaji na wanunuzi wa huku wanafikiria mafuta kwanza? Nafikiri sababu moja iko wazi kwa mtu yeyote wa kaunti hii. Tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka Sachang'wan karibu na Molo, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Tangu hapo, ukisema "kumwagika" Nakuru, akili ya mtu inakwenda kwenye petroli. Ni hofu ya haki kabisa. Lakini katika kiwanda hiki dizeli ni tangi moja nyuma ya jengo, wakati asidi na kostiki vinapitishwa koridoni kila siku.

Unga wa mbao na asidi ya naitriki

Hapa ndipo penye hatari iliyowakaribia sana, na ningeomba kila mwenye stoo ya asidi hii asome taratibu.

Asidi ya naitriki haiunguzi ngozi tu. Inatoa oksijeni kwa vitu vinavyoweza kuungua. Ukiichanganya na unga wa mbao, maranda, katoni, matambara ya pamba au mopu ya uzi, inaanza kuvila, joto linapanda, na gesi ya naitrojeni dayoksaidi inatoka, ule moshi wa rangi ya kutu. Mchanganyiko huo unaweza kushika moto, na usiposhika pale pale unaweza kushika saa nyingi baadaye ndani ya pipa la taka. Walichofagia na kukiweka kwenye gunia alfajiri ile kilikutwa saa 3 asubuhi bado kina joto. Gunia lilikuwa limeegemezwa ukuta wa stoo ya katoni.

Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, kimo cha mtu aliyeinama na fagio. Tena ina ujanja mbaya. Klorini au amonia inakukaba mara moja, unakimbia. Naitrojeni dayoksaidi haiyeyuki upesi kwenye unyevu wa pua na koo, kwa hiyo mtu anakohoa kidogo, anapata nafuu, na huku gesi imeshafika ndani kabisa ya mapafu. Saa kadhaa baadaye, hata siku nzima au zaidi, mapafu yanaanza kujaa maji. Leso haizuii gesi. Barakoa ya karatasi haizuii. Maziwa, ambayo watu wetu wanayaamini kwa kila sumu, yanakwenda tumboni na hayana njia ya kufika kwenye mapafu. Kwa hiyo sharti tuliloliandika ni hili: aliyevuta moshi huo anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, ajisikie vizuri asijisikie, akiwa na nakala ya karatasi ya usalama ya kemikali, na daktari anaambiwa wazi ni gesi gani ili amweke chini ya uangalizi.

Kuhusu kostiki, namshukuru Mungu msimamizi alifika wakati ule. Ni kweli kostiki inaua asidi kwenye daftari la kemia. Sakafuni, kostiki kavu ikikutana na asidi ya asilimia 60, joto linatoka kwa ghafla kiasi cha kuchemsha mchanganyiko na kuurusha. Kostiki ikiingia jichoni ni mbaya hata kuliko asidi, kwa sababu inaendelea kupenya ndani. Kijana alikuwa amevaa glavu nyembamba za mpira na hana miwani.

Jambo dogo la kisheria lililotaka kupita: uongozi ulidhani kwa kuwa mama aliugulia nyumbani, hii si ajali ya kazini. Ni ajali ya kazini. Inayomuumiza mtu inaripotiwa kwa maandishi kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo ndani ya siku 7. Waliripoti.

Mtaro na ziwa

Meneja mmoja aliniuliza swali zuri: Ziwa Nakuru lenyewe si magadi matupu, asidi ya dumu moja italifanya nini? Kwa dumu moja, kwa kweli, ziwa halitabadilika. Tatizo ni mtaro wenyewe. Mtaro wa mvua hauchagui. Leo ni asidi, kesho dizeli, na mara nyingi kuliko vyote ni maziwa. Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia kinabaki, na maji ya mvua ya mji huu yanateremkia huko. Ni eneo lililotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu mwaka 1990, na watu wa Nakuru wanaishi kwa wageni wanaokuja kuliona.

Nimetaja maziwa makusudi. Katika daftari la kiwanda, maziwa hayakuwahi kuandikwa kama kitu kilichomwagika, ingawa ndiyo yanayomwagika karibu kila siku. Yanaonekana ni chakula, yatadhuru nini? Yakioza ndani ya maji, vijidudu vinavyoyala vinamaliza oksijeni. Mahitaji hayo ya oksijeni hupimwa kwa miligramu kwa lita. Maziwa halisi yanakaribia 100,000, na kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006 ziliruhusu 30 tu kwa maji taka yanayotoka kwenda kwenye mazingira. Asidi ya maji hayo nayo ilitakiwa iwe kati ya 6.5 na 8.5 kwenye kipimo cha pH. Halafu kuna utelezi: mafuta ya maziwa juu ya vigae vya sakafu yameangusha watu wengi pale kuliko kemikali zote.

Tulivyoanza upya, kwa ndoo ya maji

Kabla ya kununua chochote tulichukua ndoo ya lita 20, tukatia rangi ya chakula, tukaimwaga kwenye kila sehemu ambapo kitu kinaweza kuanguka: mlango wa stoo, chumba cha kuoshea, sehemu ya kupokelea maziwa, chini ya jenereta. Watu wa zamu wakasimama wakitazama maji yanakwenda wapi. Ni zoezi la bure na linafundisha kuliko mkutano wa nusu siku. Kwenye korido, maji mekundu yalifika wavu wa mtaro kabla mlinzi hajafika kwenye pipa la mapokezi, sembuse kurudi nalo. Hapo hapo mjadala wa pipa likae wapi ukaisha.

Pia tuligundua kwamba chumba cha kuoshea kina mwinuko upande ambao hakuna aliyeujua, na maji yanarudi stoo. Ndani ya stoo, madumu ya asidi na mitungi ya dawa ya klorini ya kuua viini yalikuwa yamesimama kwenye sinia moja la plastiki. Sinia ni la kuzuia kinachovuja kisisambae, na hapa lingekusanya asidi na klorini pamoja, zitoe gesi ya klorini ndani ya chumba kisicho na dirisha. Yalitenganishwa siku hiyo hiyo, kila aina na sinia lake. Sinia liweze kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kilichosimama juu yake.

Mteremko wa saruji pande zote mbili za kizingiti ulijengwa na fundi wa kiwanda kwa mfuko mmoja na nusu wa saruji. Kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa cha kwanza cha kukabili mmwagiko pale, maana kinauzuia usitokee.

Baada ya hapo ndipo hesabu zilipoanza. Pipa la zamani lilikuwa na pakiti ya unga wa kuzimua asidi, yaani kuua ukali wake, nusu kilo. Dumu moja la kilo 35 lina kilo 21 za asidi halisi, na kuizimua yote kunataka karibu kilo 18 za magadi ya viwandani, yale ya Ziwa Magadi, au kilo 28 za baikabonati ya soda. Nusu kilo ingezimua chini ya lita moja. Tena kilo hizo 18 zikishafanya kazi zinatoa takribani mita 4 za ujazo za kaboni dayoksaidi, pamoja na povu na joto, kwa hiyo huwezi kuzimwaga kwa mkupuo kwenye korido iliyofungwa. Tulikubaliana hivi: kwanza zuia isifike mtaroni, pili nyonya kwa kitu kisichoungua, tatu zimua mabaki kwa magadi, kidogo kidogo, kutoka ukingoni kwenda katikati, milango ikiwa wazi.

Kitu kisichoungua tulikipata jirani. Kariandusi, karibu na Gilgil, wanachimba diatomaiti, ule udongo mweupe mwepesi uliotokana na magamba ya vijimea vya ziwa la kale. Ni silika, madini kama ya mchanga, asidi ya naitriki haina la kuifanya, na ya punje punje inanyonya vizuri. Tuliijaribu kwa maji na kilo moja ikabeba karibu lita moja. Vumbi lake si zuri kwa mapafu, kwa hiyo tulichagua ya punje badala ya unga na inamwagwa kwa beleshi la plastiki chini chini, bila kurushwa. Mchanga mkavu unafaa pia, ni mzito tu na hunyonya kidogo. Unga wa mbao haukupigwa marufuku kiwandani. Ulibaki kwa jenereta, ndani ya pipa lenye maandishi makubwa, na hauvuki mlango wa korido.

Kwa mtaro tulitengeneza vitu viwili. Mkeka mzito wa mpira unaofunika wavu, umetundikwa ukutani juu ya wavu wenyewe ili mtu asiutafute, na lango dogo la bamba la plastiki nene kwenye shimo la mwisho kabla maji hayajatoka uani. Anayelifunga ni mlinzi wa geti, kwa kuwa yuko karibu na yuko macho saa zote. Shimo hilo linabaki na maji hadi yapimwe kwa karatasi ya pH.

Glavu nyembamba ziliondolewa. Kwa asidi hii zilinunuliwa za butili, aina ya mpira unaostahimili asidi, ndefu hadi karibu na kiwiko, ngao ya uso juu ya miwani, aproni, na gambuti za mpira huku suruali ikipita nje ya gambuti ili asidi isiteremkie ndani. Uongozi ulitaka pia kununua barakoa za gesi ili "vijana waweze kuingia". Nilikataa na bado nashikilia hapo. Barakoa isiyo na mafunzo, isiyopimwa uso wa mvaaji, yenye kichujio kisichojulikana kimefunguliwa lini, inampa mtu ujasiri wa kuingia mahali ambapo alipaswa kutoka. Ukiona moshi wa rangi ya kutu, watu wanatoka, wanakwenda upande upepo unakotoka, na simu inapigwa 999 au 112. Vifaa vya kiwanda ni vya lita chache na vya kulinda mtaro, kwa watu wawili waliofunzwa, kamwe si mmoja peke yake. Sheria yenyewe iko upande wa mfanyakazi hapa: akiona hatari ya papo kwa papo anaripoti, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi kabla haijaondolewa.

Maji ya kuoshea macho yalituchukua muda kuliko yote. Bomba la macho lazima lifikike kwa sekunde 10 na lioshe dakika 15 mfululizo. Hilo linahitaji lita 23 hivi, ni rahisi. Bafu la dharura la mwili mzima linakula zaidi ya lita 1,100 kwa dakika hizo hizo, na mtu yeyote anayekaa Nakuru anajua maji ya mfereji yana siku zake. Suluhisho lilikuwa tangi la lita 2,000 juu ya paa, lenye bomba lake, lisiloguswa kwa kazi nyingine. Limewekwa chini ya kivuli, kwa sababu bomba la paa juani linatoa maji ya kuunguza jicho ambalo tayari limeungua.

Taka za diatomaiti yenye asidi zinakwenda kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko uliolegezwa, kwani gesi ikiendelea kutoka pipa lililokazwa linapasuka, na zinachukuliwa na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Zoezi la usiku

Tulilifanya kwa zamu ya usiku makusudi, bila meneja. Dumu la zamani, maji yenye rangi na siki ya kutosha kubadilisha karatasi ya pH na kufanya magadi yatoe povu. Mara ya kwanza mtaro ulifunikwa haraka, lango likafungwa, lakini pipa jipya lilikuwa na kufuli na ufunguo uko kwa mtunza stoo, ambaye amelala kwake Kiamunyi. Watu walikuwa wanaiba glavu, akaeleza. Kufuli liliondolewa likawekwa lakiri ya plastiki inayokatika kwa mkono. Ikikutwa imekatika, yaliyomo yanahesabiwa asubuhi.

Maagizo ya ukutani yalikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, herufi ndogo. Sasa ni ubao mmoja wa Kiswahili ulioandikwa na watu wa zamu wenyewe kwa maneno wanayotumia: kostiki, asidi ya madumu, mtaro wa nje. Kwenye mstari wa juu kabisa wamechora unga wa mbao uliokatwa kwa alama nyekundu ya X.

Lililobaki mezani ni dumu lenyewe. Kamati inataka asidi isibebwe kabisa kwa toroli: ipigwe kwa pampu ndogo kutoka stoo hadi chumba cha kuoshea, au muuzaji alete vyombo vidogo ambavyo mtu mmoja anavimudu. Uongozi unasema pampu ni bajeti ya mwaka ujao. Muuzaji amekubali kuleta vyombo vya lita 10 kwa bei ya juu kidogo, na mhasibu bado hajasaini. Mama wa usafi ameombwa aingie kwenye kamati. Amekubali, kwa sharti kwamba vikao vifanyike saa za zamu yake na vilipwe kama kazi, na barua yake ya kudai hivyo ndiyo ajenda ya kwanza ya kikao kijacho.